Samaki wakifa alfajiri, tuangalie maji kabla ya kuangalia jirani

Wiki hii tuzungumze juu ya maji ya bwawa. Wengi wetu tuna bwawa la samaki, ama tuna sehemu katika bwawa la kikundi: etangi ya are moja, wengine are mbili ama tatu, kule chini bondeni kijito kinapopita. Humo ndimo zinamotoka pesa za masomo ya watoto, na samaki wa kuweka kando ya bukari siku ambayo sombe peke yake imechosha nyumba. Mama anayefika bwawani asubuhi na kukuta samaki wanaelea tumbo juu hapotezi mboga tu. Anapoteza muhula mzima wa shule.

Swali la kwanza linalotoka kinywani huwa moja: nani ametia sumu? Si swali la kijinga. Sote tunajua kuna watu wanaoponda majani ya kulevya samaki na kuyatupa kijitoni, na siku hizi kuna wanaotumia dawa ya shambani, ile ya kuua wadudu, ambayo ni mbaya kupita majani. Lakini katika mabwawa ya nyumbani, mara nyingi kilichoua samaki kilikuwa ndani ya bwawa siku zote, kikiota mbele ya macho ya watu wote na kulishwa kila wiki kwa ndoo. Ni mwani, ule ukijani wa majini. Na jina la jirani likishatajwa mbele ya shefu, hata ukweli ukijulikana baadaye, ujirani umekwisha kuharibika.

Samaki waliokufa wenyewe wanasema. Ikiwa ni mwani ulioua, samaki hufa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na wakubwa hutangulia, kwa sababu mwili mkubwa unadai hewa nyingi. Vitoto vinabaki juu ya maji, midomo wazi, vimesongamana pale maji mapya yanapoingia. Jua likipanda, saa tatu ama saa nne, waliobaki wanatulia na kushuka chini tena. Sumu haingoji alfajiri. Inaua saa yoyote, inaua wadogo pamoja na wakubwa, na mara nyingi utakuta vyura na wadudu wa maji nao wamekufa. Mama akikuta samaki wakubwa wamelala, lakini vitoto vizima na wadudu wanakimbia juu ya maji kama kawaida, asianze na safari ya kwa shefu. Achukue ndoo, tutasema ya nini.

Kwa nini alfajiri? Mwani ni mimea midogo isiyo na mzizi wala ua. Mingine ni midogo hata jicho haliioni moja moja, linaona rangi tu. Mchana, jua likiwaka, mwani unatengeneza chakula chake na kutoa oksijeni ndani ya maji, na samaki wanaipumua. Usiku hautengenezi kitu, lakini unaendelea kupumua, na samaki wanapumua, na mavi ya kuku yanayooza chini yanakula hewa ileile. Wote wanachota katika chungu kimoja ambacho hakuna anayekijaza mpaka jua lirudi. Mwani ukiwa wa kadiri, chungu kinafikisha asubuhi. Ukizidi, kinakauka saa kumi ama kumi na moja ya usiku. Siku mbili tatu za mawingu mazito bila upepo zinaharibu zaidi, maana hata mchana chungu hakikujaa. Na kibaya kupita vyote ni mwani wenyewe kufa kwa mara moja: maji yaliyokuwa kijani jana leo yamekuwa ya kahawia ama ya kijivu, na kule kuoza kunamaliza hewa hata jua likiwa juu.

Lakini msije mkauchukia mwani. Bwawa la maji meupe kama ya kunywa ni bwawa la samaki wembamba. Tilapia tunayemwita nilotika anakula chembe za mwani kutwa nzima. Katika miaka ya 1970 mtafiti mmoja, Moriarty, aliandika juu ya samaki hao wa Ziwa George, Uganda, kwamba tumbo lao linatoa asidi kali sana, na kwa asidi hiyo wanavunja hata ule mwani wa buluu-kijani ambao samaki wengi wanaupitisha tu bila faida. Alikuta pia kwamba asubuhi asidi bado haijatoka, kwa hiyo mwani wa kwanza kumezwa unatoka upande wa pili mzima, kijani vilevile. Tumbo linaanza kazi kadiri samaki anavyoendelea kula. (Hata sisi wengine tumbo haliamki kabla ya chai.)

Wamama wa Uvira, Baraka na Kalemie hawahitaji mtafiti awaambie. Mawe ya kando ya Tanganyika yana ngozi ya mwani, na kuna samaki ambao kazi yao tangu asubuhi ni kuikwangua kwa meno. Baadhi ya samaki hao wa rangi wanakamatwa wazima na kuuzwa hadi Ulaya, watu wanawafuga sebuleni ndani ya visanduku vya kioo, na huko nako wenye vioo wanapambana na mwani sawa na sisi. Iwe kioo, iwe bwawa, mambo ni yaleyale matatu: mwanga, mbolea, na kinywa cha kuula.

Basi kazi ya kwanza ni kujua ni mwani gani tulio nao, maana dawa ya huu ni chakula cha ule. Hakuna mashine ya kununua. Mkono, fimbo na chupa vinatosha.

Tuanze na mkono. Jua likiwa limepanda, saa nne hivi, piga magoti ukingoni, ingiza mkono wima ndani ya maji, kiganja wazi, na uangalie vidole. Vikipotea maji yakiwa yanakaribia kiwiko, yaani karibu sentimita 30, maji ni mazuri. Yaache kama yalivyo. Vikipotea maji hayajavuka sana kifundo cha mkono, chini ya sentimita 20, ukijani umezidi na usiku ni wa hatari. Kama maji yamepita kiwiko na bado unahesabu vidole, samaki wana njaa, ongeza mbolea. Mvua ikiwa imeleta udongo, mkono unadanganywa: maji ya kahawia ya matope si mwani, ngoja yatulie.

Kisha chovya fimbo mahali penye blanketi la kijani na uinyanyue. Kama kinachotoka kinaning'inia kama nywele zilizolowa ama pamba iliyovutwa, huo ni mwani wa nyuzi. Kuna unaoteleza kama bamia, kuna unaokwaruza kama katani. Unaota chini, pale maji ni mafupi na mwanga unafika sakafuni. Vipovu vya hewa vikijaa ndani yake vinaunyanyua, ndipo mnaona blanketi linaelea na kusema limekuja jana. Halikuja jana. Lilikuwa chini wiki nyingi. Kwa kawaida mwani huu hauna sumu, lakini unanyang'anya mbolea iliyokusudiwa kwa zile chembe ambazo tilapia anakula, unanasa vitoto, na siku ya kuvua wavu unatoka umejaa nyasi kuliko samaki.

Huu unaondolewa kwa mikono. Chukua reki, ama tawi lenye miiba lililofungwa kwenye mti mrefu, uzungushe kama anayekunja uzi, vuta. Anza ukingoni. Usimalize bwawa lote kwa siku moja kama ni kubwa, na usiache mafungu yaoze ndani ya maji. Peleka kwenye shimo la mbolea ama chini ya migomba, ni mbolea nzuri. Baada ya hapo tazama ukingo wenyewe. Bwawa lililochimbwa kama sahani, kina kidogo kidogo kutoka kando, litaota nyuzi kila mwaka. Ukingo uchimbwe ushuke upesi, maji yapite goti tangu hatua ya kwanza, sentimita 60 ama zaidi. Hiyo ni kazi ya jembe, na wababa wakisoma hapa wajue tumewataja.

Mpangilio wa kazi una maana kubwa hapa. Ukiondoa nyuzi kwanza na kutia mbolea baadaye, chembe za kijani zinaamka, zinafunga mwanga, na nyuzi hazioti tena chini. Ukitia mbolea juu ya nyuzi zilizokwisha kuenea, umezipikia. Vivyo hivyo kwa bwawa jipya ama lililokaushwa: lijaze na utie mbolea siku hizohizo, usiliache na maji meupe wiki tatu ukingoja pesa za vitoto vya samaki. Nyuzi hazingoji pesa. Na anayepata tilapia aina ya rendalli aweke wachache, maana huyo anakula majani na mimea ya majini. Katika kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, tangu nyakati za ukoloni walifuga aina hiyo pamoja na tilapia wa kula chembe, kila mmoja na chakula chake.

Sasa chupa, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu mwani unaobaki si wa samaki tu, ni wa watoto.

Kuna ukijani ambao hauko sawa ndani ya maji yote. Unapanda juu kama rangi ya mlango iliyomwagika, kijani kibichi, pengine na buluu kidogo kando, na upepo unausukuma upande mmoja wa bwawa. Fimbo ukiichovya inatoka imepakwa, haina nywele. Ukikaa siku nyingi unanuka vibaya. Wataalamu wanasema huu hata si mwani kamili, ni bakteria zinazoishi kwa jua kama mimea, lakini jina la mwani wa buluu-kijani limezoeleka. Ili kuujua, chota maji chini kidogo ya uso, jaza chupa safi ya plastiki nyeupe sehemu tatu za nne, funika, iweke mahali isiposogezwa, ilale usiku kucha. Asubuhi usiitikise. Kama ukijani umeshuka chini, huo ni mwani wa kawaida. Kama umepanda na kufanya pete kijani juu, shuku buluu-kijani. Kipimo hiki hakisemi kama kuna sumu ama hapana, kinasema tu ni mgeni wa aina gani.

Buluu-kijani nyingine hazina sumu, nyingine zina sumu ya kuharibu ini, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo zote zichukuliwe kuwa na sumu. Mbuzi na ng'ombe wasinywe hapo, mbwa asiogelee, maana akijilamba manyoya anaimeza. Watoto wasioge, wala vyombo visioshwe. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo. Kunaua bakteria zenyewe na kumwaga yaliyomo ndani yake. Tunarudia kwa sababu sote tumefundishwa kwamba maji yaliyochemka ni maji salama, na kwa kipindupindu ndivyo ilivyo. Kwa hili sivyo. Samaki wa bwawa lenye utando huo wasivuliwe kwa chakula mpaka maji yasafike, na hata baada ya hapo watoeni matumbo na ini yote, muwaoshe kwa maji ya mahali pengine.

Inatoka wapi? Inapenda joto, maji yasiyotembea na mbolea nyingi, zaidi ile inayotoka kwenye mavi ya kuku na nguruwe. Banda la nguruwe lililojengwa juu ya bwawa linaonekana kama akili nyingi, samadi inaanguka yenyewe, lakini haina mkono wa kuizuia siku maji yamekwisha kushiba. Pumba na mabaki ya pombe yanayotupwa kuliko samaki wanavyomaliza yanageuka mbolea vilevile. Tilapia wakizaana mpaka bwawa likajaa vidogo visivyokua, mama anaongeza chakula, na chakula kinaongeza mwani. Wavueni wale wadogo, wakaangwe.

Kwa utando wa buluu-kijani na kwa ukijani uliozidi, njia ni ileile: acha mbolea, acha chakula siku kadhaa, utando ulioko upande wa upepo uchotwe kwa ndoo na kuzikwa mbali na kijito. Vaeni glavu ama mifuko ya plastiki mikononi. Kama kijito kina maji ya kutosha, toa sehemu ya maji ya bwawa kutokea chini, kule kunakokaa uozo, na uingize mapya taratibu. Maji hayo yasielekezwe pale majirani wa chini wanapochota. Yapite shambani kwanza. Mbolea irudi baadaye, kidogo kidogo, ndani ya uzio wa miti pembeni mwa bwawa, karibu sehemu ya kumi ya eneo lake, ili siku yoyote uweze kuitoa. Mbolea iliyotupwa katikati ya maji haitoki.

Na ile ndoo ya alfajiri? Samaki wakionekana juu midomo wazi kabla ya jua, fungua maji yanayoingia, yaangukie juu ya ubao ama jiwe ili yavunjike na kubeba hewa. Kama kijito ni kidogo, watu wawili ama watatu wachote maji ya juu ya bwawa lenyewe kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu ya kichwa, bila kusimama, mpaka jua lipande. Msiingie kutibua matope, yatamaliza hewa iliyobaki. Siku hiyo hakuna chakula wala mbolea. Ni kazi ya kuchosha, lakini imeokoa mabwawa.

Kuna dawa ya buluu, sulfate ya shaba, ambayo wakulima wanaitumia kwa magonjwa ya nyanya na viazi, na wauzaji wengine sokoni wanasema inamaliza mwani. Inaumaliza kweli. Unakufa wote kwa pamoja, unaoza kwa pamoja, na usiku unaofuata hakuna hewa. Maji ya milimani yasiyo na chokaa yanaifanya dawa hiyo kuwa kali zaidi kwa samaki wenyewe. Na buluu-kijani ikiuawa hivyo, sumu yake inamwagika yote majini. Sisi tunasema isitiwe kamwe katika bwawa la familia. Chokaa kali nayo ni ya bwawa lililokaushwa, samaki wakiwa wametolewa, si ya kumwagia maji yenye samaki.

Vimebaki viwili vidogo. Vumbi jekundu juu ya maji, ambalo jua likichoma ni jekundu na jioni linarudi kijani, si damu wala uchawi. Ni aina nyingine ya chembe inayopenda mbolea nyingi, na dawa yake ni kupunguza mbolea. Na vile vijani vidogo vyenye vizizi vinavyofunika bwawa kama mkeka si mwani. Vichoteni muwape bata na nguruwe, msiache vifunike maji yote.

Siku ya posho, kwenye mkutano, mwenye bwawa aje na chupa yake iliyolala tangu ijumaa jioni. Aibebe wima bila kuitikisa, na aandike kwenye kipande cha karatasi mkono ulipotea wapi, samaki walipanda juu alfajiri ama hapana, na ndoo ngapi za mavi zilitiwa wiki hiyo. Tutazipanga mezani moja kando ya nyingine.